Uzi: Mkate wa kumimina wa Bibi, kopo lenye misumari, na vipimo ambavyo daftari halikuvisema

Mjukuu wa Wete (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, assalaam alaykum, na salaam kwa wote. Kwa muda wa miaka mitatu nimehangaika na mkate mmoja tu, na kwa kuwa hatimaye umenikubali, nimeona niulete mkasa wake hapa kwa urefu wake, maana nadhani wengi wetu tuna nyumbani daftari la mapishi ambalo ukilifuata neno kwa neno halipikiki.

Mkate wenyewe ni wa kumimina, ambao ndugu zetu wa Mombasa na Tanga huuita mkate wa sinia. Kwa asiyeufahamu, mchele hurowekwa usiku, asubuhi husagwa pamoja na tui zito, iliki na hamira, uji huo huachwa uumuke, kisha hutiwa sukari na kumiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, ukapikwa kwa moto wa chini kwanza na wa juu baadaye. Mkate uliokubali huwa na matundu madogo madogo yanayopanda kutoka chini hadi juu kama sega la nyuki, na ukiukata kisu hutoka kikavu.

Bibi mzaa baba alikuwa akiupika uani kwake Wete, Pemba, kwenye seredani, na juu ya bati la kufunikia alipalia makaa ya vifuu. Alichagua vifuu kwa sababu huwaka kwa nguvu, kisha hutulia na kubaki na moto mwekundu usio na moshi. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kukuna nazi kwa zamu, na aliyekaa kwenye mbuzi vibaya au aliyekuna mpaka akafika kwenye kifuu alijulikana mara moja, kwa sababu tui lake lilitoka na weusi. Bibi hakugomba. Alilitazama tui, akamtazama mtoto, akasema, "Hili tutapikia mboga," na hukumu ikawa imekwisha.

Bibi alifariki mwaka 2016. Mapishi yake yalibaki katika daftari la shule ambalo mama aliandika mwaka 1987, alipokuwa bibi harusi mgeni katika nyumba ile na akitaka kujifunza kabla hajafuatana na baba Dar es Salaam. Ukurasa wa mkate una doa la samli lililopenya hadi kurasa tatu za nyuma, na maneno yake ni haya:

"Mchele kikombe kimoja cha Bibi, urowekwe baada ya isha. Tui kikombe hicho hicho, lipungue vidole viwili. Sukari vikombe vya kahawa vitatu. Hamira pingili moja ya kidole. Iliki. Uachwe mpaka adhuhuri. Ukitoa matundu palia moto, Yasini moja."

Hayo tu. Mama mwenyewe, nilipomuuliza, alisema hakuongeza maelezo kwa sababu wakati anaandika kila kitu kilikuwa mbele ya macho yake, na nani angefikiri kwamba siku moja kikombe kitahitaji kuelezwa.

Mara ya kwanza nilichukua kikombe changu cha chai, nikapima mchele, nikapima tui, nikatia vile vikombe vitatu vya kahawa vya sukari kama nilivyoambiwa. Uji haukuumuka. Niliusubiri mpaka alasiri, nikaupika kwa hasira, na kilichotoka kilikuwa kitu bapa, kitamu kupita kiasi, kinachonata menoni kama halua iliyoharibika. Mara ya pili niliongeza hamira nikidhani ndiyo yenye kosa, lakini nilitumia tui la pakiti lililotoka moja kwa moja kwenye friji, na hamira haiamki kwenye baridi, kwa hiyo adhuhuri ilipofika uji ulikuwa umelala vile vile nilivyouacha asubuhi. Mara ya tatu uliumuka vizuri sana, nikafurahi, nikauingiza kwenye oveni. Oveni ikaukausha uso wake kabla hewa ya ndani haijapata pa kutokea, ukapasuka katikati kama udongo wa kiangazi, na ndani hakukuwa na tundu hata moja.

Nikaacha. Kwa karibu mwaka mzima daftari lilikaa kabatini.

Desemba iliyopita nilikwenda Wete pamoja na shangazi kwa ajili ya kugawa vitu vilivyobaki katika nyumba ya Bibi. Ghalani, chini ya majamvi ya kuanikia karafuu, palikuwa na kopo la maziwa ya unga, la zamani, lililobandukabanduka rangi, limejaa misumari yenye kutu. Mimi nililiweka upande wa vitu vya kutupa. Shangazi akalitoa, akaimwaga misumari sakafuni, akalishika kwa mikono miwili na kuniuliza kwa sauti ambayo sijaisahau: "Nani ametia misumari kwenye kikombe cha mama?"

Nitaendelea jioni, inshallah. Wakati huo ningependa kusikia kutoka kwenu: katika familia zenu, vipimo vilikuwa nini?

---

Pwani ya Kibokoni

Ndugu Mjukuu wa Wete, umenikumbusha marehemu mama na mahamri yake. Sisi hapa Mombasa hatukuwahi kuwa na daftari kabisa. Mama alikuwa na vipimo viwili tu. Cha kwanza kilikuwa redio: unga ulikandwa tangu taarifa ya habari ya jioni inapoanza mpaka inapokwisha, na siku habari zilipokuwa nyingi mahamri ya kesho yake yalifura zaidi. Cha pili kilikuwa sikio. Alikuwa akimwita mtoto aliye karibu, anambonyeza ndewe ya sikio, kisha anabonyeza unga, na kama viwili hivyo havikulingana kwa ulaini aliendelea kukanda.

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na hadi leo nikikanda unga hushika sikio langu kwa mkono wenye unga. Watoto wangu hunicheka. Lakini binti yangu mdogo, anayesoma Nairobi, alinipigia simu mwezi uliopita kuniarifu kwamba alijikuta akifanya vivyo hivyo mbele ya wenzake bwenini, na hakujua aeleze vipi.

---

Mwana wa Ghuba

Salaam kutoka Maskati. Nimeusoma uzi huu mara mbili na nikampeleka baba simu ausome mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyezaliwa Unguja.

Familia yetu iliondoka Zanzibar mwaka 1964 baba akiwa mtoto mdogo, ikazunguka miji kadhaa, na ikaingia Omani mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa nje warudi. Bibi yetu alikuja na sanduku moja la nguo, na ndani ya nguo alifunga mwiko. Mwiko mkubwa, wa mti mzito, wa kupigia bokoboko. Watu walimshangaa: unakwenda nchi ambayo huna nyumba, unabeba mwiko?

Bokoboko, kwa wasioijua, ni ngano iliyopikwa na nyama au kuku kwa saa nyingi, kisha ikapigwa na kusongwa mpaka ngano na nyama visitambulikane, ikamiminiwa samli juu. Hapa Omani chakula hicho kipo tangu enzi na enzi kwa jina la harisi, na mwaka 2023 kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kwa pamoja na Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Kwa hiyo bibi yetu alipofika alikuta chakula chake kimemtangulia. Lakini alipoionja ya majirani alisema, "Hii ni ndugu yake, siyo yeye." Yake ilikolezwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha rangi ya kahawia, na aliipiga mpaka ikavutika kama mpira.

Kipimo chake kilikuwa mkono wa mpigaji. Aliwapanga wajukuu wa kiume kwa umri, mkubwa akichoka anampa mwiko anayemfuata, na bokoboko ilikuwa tayari zamu ilipomfikia mdogo wa mwisho na akashindwa kuuzungusha mwiko. Sasa wajukuu wametawanyika, na mimi hupiga peke yangu. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka kwa nini yangu haivutiki, kumbe nimekuwa nikichoka mapema.

Baba anakuuliza swali moja: hiyo Yasini ilikuwa ikisomwa kwa kasi gani?

---

Mjukuu wa Wete

Shikamoo kwa mzee, na nampa pole na hongera kwa kuligusa jambo ambalo mimi lilinichukua miaka mitatu. Nitalifikia.

Basi kopo. Shangazi alinieleza kwamba lile halikuwa kopo la kawaida kwa Bibi, bali kibaba chake. Wazee wa pwani mnajua hesabu hiyo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi, na pishi ndiyo tunayotoa fitri mwisho wa Ramadhani, ambayo masheikh wetu wengi huikadiria kuwa kama kilo mbili na nusu za mchele au zaidi kidogo. Bibi alipopata kopo lile, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, alilijaribu kwa mchele wa fitri, akaona makopo manne yanajaza pishi yake ya mti bila kupungua wala kumwagika. Tangu siku hiyo akaiweka pishi kando, na kopo likawa ndilo kikombe cha nyumba. Kibaba kile cha methali, kinachojazwa na haba na haba, kilikuwa mikononi mwetu na hatukukitambua kwa sababu kilikuwa na picha ya ng'ombe.

Nililirudisha Dar es Salaam ndani ya begi la mkononi na kulipima kwa mizani. Kopo moja la mchele ni gramu 640. Kikombe changu cha chai kilikuwa kinachukua gramu 200 tu. Tui lilikuwa sawa, kwa sababu nalo nililipima kwa kikombe kile kile kibaya, lakini sukari ilipimwa kwa kikombe cha kahawa, na kikombe cha kahawa hakijabadilika tangu zamani zile. Kwa hiyo nilikuwa nimetia sukari ya mkate mkubwa katika mkate mdogo, karibu sawa kwa sawa na mchele. Sukari ikizidi hivyo huivuta maji kutoka kwenye hamira na kuidumaza, ndiyo maana uji wangu ulikataa kuumuka. Kosa lote la mara ya kwanza lilikuwa neno moja, kikombe.

Ama kuhusu saa. Mama aliandika "baada ya isha", "mpaka adhuhuri", na mimi nilidhani ni namna ya kusema usiku na mchana. Shangazi alinisahihisha. Bibi hakuwa na saa jikoni, lakini alikuwa na msikiti nyuma ya nyumba. Mchele uliingia majini alipotoka kuswali isha, ukasagwa baada ya alfajiri kungali na ubaridi, na uji ulikaa kwenye joto la Pemba, ambalo halina kiyoyozi, mpaka alipopiga magoti kwa adhuhuri. Alipomaliza sala aliutazama. Ukiwa na povu lililojaa uso wote alitia sukari, akaukoroga kwa upande mmoja tu, akaumimina.

Sasa Yasini, mzee wangu. Nilipojaribu mara ya nne, na kopo likiwa mezani, nilifuata kila kitu. Nikaweka sufuria kwenye moto mdogo, matundu yakaanza kujitokeza pembeni na kusogea katikati, nikapalia makaa juu ya bati, nikasoma Yasini. Nilipofunua, mkate ulikuwa mweupe juu, na katikati bado unatikisika. Nikampigia shangazi simu. Akaniuliza nimetumia dakika ngapi. Nikamwambia kumi. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama alikuwa akisoma na kusimama. Akifika mahali pa kuwaombea wafu wake, aliwataja kwa majina, mmoja mmoja."

Tulikadiria pamoja kwamba Yasini ya Bibi ilikuwa dakika 25 hivi. Na shangazi akaongeza neno ambalo limenikaa: kwa kadiri miaka ilivyokwenda, mkate wa Bibi ulikuwa ukizidi kuwa mwekundu juu. Sisi watoto tulidhani ni macho yake yanapungua nuru. Majina ndiyo yaliyokuwa yanaongezeka.

---

Mama wa Kibosho

Nimesoma sehemu hiyo ya majina, nikalazimika kuweka simu chini kwanza.

Mimi si mtu wa pwani, nimeolewa Kilimanjaro, na naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo ni nani hasa hupewa mapishi. Kwetu mapishi ya ukoo hayakufuata damu. Binti wa nyumba huolewa akaenda kupika ya huko aendako, na anayebaki na mapishi ya nyumba ni mkamwana, mgeni aliyeletwa. Hata wewe Mjukuu wa Wete, mwandishi wa daftari lenu hakuwa binti wa Bibi, alikuwa mkwe wake.

Mtori wa mama mkwe wangu niliupata nikiwa kitandani. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, kwa desturi, sikugusa kazi kwa miezi mitatu, na kila siku nililetewa mtori, ambao ni ndizi mbichi za mshare zilizochemshwa na nyama yenye mfupa mpaka zikalainika, zikapondwa, zikachanganywa na ule mchuzi wa nyama. Jikoni kulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Sikumwona akipika hata siku moja katika miezi hiyo, lakini nilisikia kila kitu. Nilijua sauti ya maji yanapochemka kwa nguvu na sauti yanapokuwa mazito na kuanza kufoka polepole, nilijua anapoutoa mfupa, nilijua idadi ya mipigo ya mwiko kabla hajasimama kuonja. Nilipoinuka nikaingia jikoni kuupika kwa mara ya kwanza, alinitazama akidhani mama yangu alinifundisha. Nikamwambia umenifundisha wewe. Hakuelewa, na mimi sikuweza kumweleza vizuri, kwa hiyo tulikula tu.

---

Mpima Gramu

Naheshimu simulizi zote hizi, lakini naomba niwe mtu wa kuwaudhi kidogo. Redio, masikio, Yasini, mipigo ya mwiko, yote ni mazuri kuyasoma, na yote yatakufa pamoja na mwenye kuyakumbuka. Mtoto wa mwanzisha uzi hatakuwa na shangazi wa kumpigia simu. Wenzetu Kenya waliliona hilo, wakafanya kazi ya kuorodhesha na kuandika vyakula vya asili pamoja na wanafunzi wa shule katika jamii kama Isukha na Pokot Mashariki, na mwaka 2021 UNESCO ikaitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi. Waliandika. Hawakuishia kwenye kukumbuka.

Andika gramu, andika mililita, andika dakika. Ukimaliza, simulia unavyotaka.

---

Mwana wa Tanga

Mkuu Mpima Gramu, hoja yako ni nzito na siipingi, ila nina kisa kinachoonyesha jambo ambalo mizani haitalipata.

Vitumbua vya nyumbani kwetu Tanga ni nusu mchele na nusu unga wa mahindi. Nimekula vitumbua Pangani, Bagamoyo na Unguja, na hakuna nilipokuta hilo. Kwa miaka mingi niliamini kuwa ni siri ya ukoo, na nilijivuna nayo mbele ya wakwe. Nilipomuuliza mama, akaniambia siri yake ni njaa. Baada ya vita vya Kagera na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika. Mchele ulikuwa wa kutafutwa, sukari ilipangiwa foleni kwenye duka la ushirika tangu usiku, na kilichopatikana kwa wepesi kidogo kilikuwa ule unga wa njano wa msaada, ambao watu waliubatiza unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Bibi, ambaye riziki yake ilikuwa kuuza vitumbua, alianza kuchanganya robo, kisha nusu, na palipokosekana sukari alikwangua sukari guru. Wateja walinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili walinunua.

Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 na maduka yakaanza kujaa tena, bibi alirudi kwenye mchele mtupu. Waliokataa ni watoto wake, waliokua na vile vya njano na kuvihesabu kuwa ndivyo vitumbua. Sasa niambie, nikiandika "unga wa mahindi gramu 250" bila kueleza hayo, mjukuu wangu ataiondoa mahindi siku ya kwanza akidhani ni kosa la uchapaji.

---

Mpima Gramu

Hapo umenishinda, ndugu. Lakini bado nataka gramu za huo mkate.

---

Mjukuu wa Wete

Nakubaliana nanyi wote wawili, na kwa kuwa ahadi ni deni, hizi hapa, nilivyozipima kwa kopo la Bibi, na zinatoa mikate miwili ya sufuria ya kiasi.

Mchele gramu 640, na uwe mchele mweupe wa kawaida. Uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa haufai, kwa sababu wanga wake umekwisha kubadilika na hausagiki ukawa laini. Urowekwe saa nane hadi kumi. Tui zito mililita 600, ambalo hupatikana kwa nazi mbili kubwa au tatu ndogo, likiwa la kukamuliwa na vuguvugu. Ukitumia la pakiti, lipashe kwanza mpaka lisihisike baridi kidoleni. Hamira kijiko kimoja cha chai, kisichojaa sana. Iliki punje kumi, zilizomenywa na kutwangwa. Saga vyote mpaka ukisugua uji kati ya vidole usihisi chenga. Acha uumuke, na muda wake ni joto la nyumba yako ndilo litakaloamua. Kwangu Dar es Salaam, bila kiyoyozi, ni saa mbili hadi tatu tu kwa hamira ya siku hizi. Hamira ya Bibi ilikuwa ya mikebe, yenye kulala, na ndiyo maana yeye alisubiri tangu alfajiri. Kisha tia sukari gramu 190, koroga taratibu, mimina. Wengine hutia ute wa yai ili mkate uwe mwepesi zaidi. Bibi hakutia, na mimi sitii.

Moto wa chini uwe mdogo, na usifunike mpaka matundu yatokeze uso mzima na uji ukaribie kushikana. Hapo ndipo moto wa juu. Mwenye oveni afanye vivyo hivyo, aanzie jikoni kwa moto wa chini na kumalizia ndani ya oveni, ukiwashwa moto wa juu peke yake. Dakika 20 hadi 25 kwa makaa. Kwa oveni simama karibu, kwa sababu hugeuka mwekundu ghafla.

Kabla ya kufunga, kuna jambo moja la hamira ambalo nilisita kulileta, lakini shangazi ameniruhusu. Nilimuuliza, kabla ya hamira ya mikebe kufika Wete, bibi yake Bibi aliuumusha mkate kwa nini? Shangazi alinyamaza, akajifunga kanga upya, akatazama mlangoni kama mtu anayehakikisha hakuna mgeni. Kisha akasema: kwa tembo. Lilikuwa tembo la mnazi lililogemwa asubuhi ile ile, halijawa kali, na nusu kikombe kilitosha. Wazee wengi wa pwani wanalijua jambo hili, hata jina la mkate wa tembo bado lipo, ila katika nyumba yetu yenye kusomeana Yasini hadi jikoni lilifutwa kimya kimya hamira ilipopatikana, na hakuna aliyelitaja tena kwa vizazi viwili. Shangazi anasema bibi huyo mkubwa, alipoonja mkate wa kwanza wa hamira, alisema ni mzuri lakini hauna harufu. Sitaki mjadala wa hukumu yake hapa, mashehe wapo. Nimeliandika katika daftari, chini ya maandishi ya mama, kwa kalamu ya rangi nyingine, ili anayekuja baadaye ajue kwamba mstari wa hamira nao ulikuwa na mstari mwingine kabla yake.

---

Pwani ya Kibokoni

Na uliandika pia ile Yasini, au umeandika dakika 25?

---

Mjukuu wa Wete

Nimeandika zote mbili. Na chini yake nimeacha nusu ukurasa kwa ajili ya majina, nikaanza na la Bibi.

Jumamosi iliyopita shangazi alikuja kwangu. Nilimpikia mkate huo kwa mara ya saba, kwa makaa, kwenye veranda ya ghorofa ya tatu, jirani wa juu akilalamika kwa sababu ya moshi wa vifuu. Niliukata, nikamwekea kipande na chai ya rangi. Aliuinua akautazama kwenye mwanga, akaupitisha kidole ubavuni kuhesabu matundu, akauma kidogo, akatafuna kwa muda mrefu kuliko mkate laini unavyohitaji. Nikamngoja.

"Sukari imezidi," alisema, akanyoosha sahani nimwongeze.